Grip: Manispaa ya Watu 104

Kuna maswali yanayoonekana ya kipuuzi mpaka uyaulize mara ya pili. Mojawapo ni hili: watu wangapi wanatosha kujitawala? Laki moja? Elfu kumi? Norwei iliwahi kujibu kwamba hata watu mia mbili kasoro wanatosha, na jibu hilo likadumu miaka sitini na kitu.

Mahali penyewe panaitwa Grip. Ni kundi la visiwa na miamba 82, kilomita kama 14 kutoka mji wa Kristiansund, pwani ya magharibi ya Norwei. Usidanganyike na hiyo 82. Ukiikusanya nchi kavu yote haifiki hata nusu kilomita ya mraba, na sehemu kubwa ni makao ya ndege tu. Watu walibanana kwenye kisiwa kimoja, nyumba ikigusana na nyumba. Hakuna miti, hakuna shamba la maana, na maji ya kunywa yalikingwa kutoka kwenye mvua.

Walifuata nini huko, basi? Samaki. Kila majira ya baridi chewa wa kaskazini husogea karibu na pwani kutaga mayai, na mtu anayeishi Grip anaamkia mlangoni mwa neema hiyo. Msimu ukifika, wavuvi wageni walimiminika kwa mamia. Samaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa, mfano wa ng'onda wetu, kisha wakasafirishwa hadi Hispania na Ureno. Kristiansund ilitajirika kwa biashara hiyo. Grip je? Kwa muda mrefu kisiwa kizima kilikuwa mali ya mfanyabiashara. Mvuvi aliishi kwenye kiwanja cha tajiri na kumuuzia tajiri huyohuyo samaki wake. Yaani bahari ilikuwa ya Mungu, lakini pa kukanyaga palikuwa pa mtu.

Katikati ya nyumba hizo, sehemu ya juu kabisa ya kisiwa, lipo kanisa dogo la mbao lililojengwa karne ya 15. Usifikirie mlima, hiyo "juu kabisa" ni mita chache tu kutoka usawa wa bahari. Ndani mna picha za altare zilizochongwa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 16. Picha za aina hiyo ziko tano kwenye pwani ya Norwei, na masimulizi yanazihusisha na binti mfalme Isabella, dada yake Karolo wa Tano, aliyesafiri mwaka 1515 kwenda kuolewa na Mfalme Christian wa Pili wa Denmark na Norwei. Wavuvi wasiomiliki hata kiwanja waliomba mbele ya kazi ambayo kanisa la mjini lingeionea fahari.

Januari 1796 tufani iliivamia Grip. Karibu nyumba mia moja zilizolewa na bahari. Kanisa likabaki. Ungedhani baada ya hapo watu wangesema basi, tumekoma. Walijenga upya.

Ndipo tunafika kwenye utawala. Tangu mwaka 1837 sheria za Norwei ziliwapa wananchi wa kila eneo haki ya kuchagua baraza lao. Mwaka 1897 Grip, ikiwa na watu 196, ilitengwa na kuwa manispaa kamili, ndogo kuliko zote nchini kwa eneo na kwa watu. Wengine walicheka, bila shaka. Lakini tazama kwa jicho la mtu ambaye babu yake alikuwa mpangaji wa tajiri: sasa shule, kodi na msaada kwa maskini vinajadiliwa na majirani zake, na akitaka kulalamika anagonga mlango wa pili. Hilo si jambo la kuchekesha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali iliunda kamati chini ya Nikolai Schei, ipunguze idadi ya manispaa. Hoja ilieleweka: dola ya kisasa inataka shule kubwa, wahasibu, madaktari, na manispaa ndogo haziwezi kubeba gharama hizo. Manispaa 744 zikashuka hadi 454. Tarehe 1 Januari 1964 Grip, wakati huo ikiwa na watu 104, ikaunganishwa na Kristiansund. Miaka kumi baadaye, 1974, wakazi wa kudumu wa mwisho wakaondoka.

Inavutia kusema kwamba waliponyang'anywa baraza ndipo wakahama. Mimi nasita. Hesabu yenyewe inakataa: kutoka 196 hadi 104, karibu nusu ya watu walishapungua Grip ikiwa bado inajitawala. Boti za injini zilifanya mambo yao; mvuvi aliweza kulala mjini na bado akawahi samaki. Watoto walihitaji shule, wazee walihitaji daktari. Baraza lisingezuia hayo.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba baraza halikuwa na maana. Kabla ya 1964, swali la kama kisiwa kiendelee kukaliwa lilikuwa ajenda ya watu wanaokikalia. Baada ya hapo likawa mstari mmoja kwenye bajeti ya mji, na kura zao zikazama katika maelfu. Kuhama ni jambo moja. Kuhama wakati huna tena kikao cha kulijadili ni jambo jingine.

Kwenye mwamba wa jirani uko mnara wa taa wa mwaka 1888, wenye urefu wa mita 47. Watunzaji wake walibaki mpaka 1977, mitambo ilipochukua kazi yao; miaka mitatu waliwamulikia majirani walioshaondoka. Siku hizi, kiangazi, boti hutoka Kristiansund na kuleta watalii na watu wa ukoo. Nyumba zimepakwa rangi, kanisani hufungwa ndoa. Vuli ikikaribia milango hufungwa, kila mtu anarudi mjini, na Grip inabaki na kanisa lake.