Sala Iliyogeuka Upinzani: Uimbaji wa Kwaya Nchini Afrika ya Kusini

Mara nyingi mchunguzi wa nyimbo za siasa huanza kwa maneno. Hutafuta fumbo, kejeli au tishio lililofichwa katika ubeti. Njia hiyo inafaa kwa shairi linalosomwa, lakini kwa wimbo wa kwaya haitoshi. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba upinzani wa kwaya hukaa zaidi katika wale wanaoimba, mahali wanapoimbia na yule anayelazimika kuwasikia.

Tuchukue wimbo “Nkosi Sikelel' iAfrika”. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga kwa Kixhosa mwaka 1897. Ni sala: unaliombea bara baraka, wala haumtaji mtawala yeyote. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji mmoja. Lakini tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein, katika mkutano wa kuanzisha chama ambacho mwaka 1923 kilichukua jina la African National Congress. Mwaka 1913 Sheria ya Ardhi iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi yao. Tangu hapo, kuiombea Afrika baraka kulikuwa pia kusema kwamba Afrika ina wenyewe. Maneno ya sala hayakugeuka. Kilichogeuka ni hali ya waombaji. Mwaka 1925 chama kiliufanya kuwa wimbo wake rasmi.

Umbo la kwaya nalo lilisaidia. Shule za misheni zilifundisha muziki kwa mfumo wa solfa, ambao huandika sauti kwa herufi za kawaida na hauhitaji ala wala vitabu vya gharama. Hivyo wafanyakazi waliotoka majimbo mbalimbali waliweza kukutana na kuimba kwa sauti nne bila mazoezi marefu. Zaidi ya hayo, desturi ya kiongozi kuanza na umati kuitikia ilikuwapo kabla ya misheni. Askari aweza kunyang'anya karatasi na kumkamata msemaji. Lakini kiongozi wa wimbo akiondolewa, mwingine huupokea. Tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 walikusanyika Pretoria, mbele ya makao ya serikali, kupinga sheria ya pasi. Walisimama kimya dakika 30, kisha wakaimba. Ukimya ule na wimbo ule vilikuwa hoja moja.

Hata hivyo, kulikuwa na nyimbo zilizosema waziwazi. Vuyisile Mini, mwimbaji wa sauti ya besi na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi huko Port Elizabeth, alitunga wimbo wa kumwonya Waziri Mkuu Verwoerd kwa jina lake. Maneno yake ni machache, na mwitikio wake ni mwepesi kushikwa na umati. Mini alinyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964 pamoja na wenzake wawili. Inasimuliwa kwamba walikwenda kitanzini wakiimba. Serikali ilimnyonga mtunzi, lakini wimbo ulikwisha kuwa mali ya wengi.

Hapa Kiswahili kinatupa ushahidi wa pekee. Mwaka 1961 Tanganyika huru iliuchukua muziki wa Sontonga, ikautia maneno ya Kiswahili, na “Mungu Ibariki Afrika” ikawa wimbo wa taifa. Baada ya machafuko ya Soweto ya 1976, vijana wengi wa Afrika ya Kusini walikimbilia uhamishoni, na baadhi yao walisomeshwa Mazimbu, karibu na Morogoro, katika chuo cha chama chao kilichopewa jina la Solomon Mahlangu. Basi katika nchi moja muziki mmoja ulikuwa na kazi mbili: kwa wenyeji ulikuwa heshima ya dola, kwa wageni wao ulikuwa madai ya watu wasio na dola. Sala yenyewe ilikuwa karibu ile ile. Kamusi peke yake haiwezi kutueleza tofauti hiyo.

Wala tusidhani kwamba kwaya kwa asili yake humpinga mkubwa. Sisi tulioishi Zaire tunakumbuka vikundi vya uhamasishaji vya chama cha M.P.R., ambamo wanafunzi na wafanyakazi waliimba na kucheza kumsifu kiongozi. Hapo pia watu wengi walitoa sauti moja, lakini waliitwa na yule yule aliyesifiwa.

Mwaka 1994 wimbo wa Sontonga ukawa mmojawapo wa nyimbo mbili za taifa za Afrika ya Kusini, na mwaka 1997 zikaunganishwa. Wimbo uliokuwa wa waliokataliwa sasa huimbwa na wenye mamlaka. Kwa hiyo, wanafunzi wetu wanaokusanya nyimbo za kwaya wasiridhike kunakili beti. Waandike pia ni nani aliimba, wapi, mbele ya nani, na kwa ruhusa ya nani.