Itemu za Exetat: namna maulizo yanapanda uzito mu vitabu

Mwaka wa masomo ukikaribia kwisha, wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari mu Golf, kama pengine Lubumbashi, wanatembea na mafotokopi ya itemu mkononi. Itemu ni maulizo ya Exetat, mtihani wa Serikali ulioanza 1967: ulizo moja, majibu kadhaa, unachagua moja tu. Diploma inaanzia asilimia 50.

Kuko vitabu vinavyopanga itemu kufuata mwaka zilipotoka, na vile vinavyozipanga kufuata somo. Hivi vya pili njo vinapandisha uzito pole pole.

Tuchukue derive, mu hesabu. Ulizo la kwanza linaomba kanuni tu: derive ya x² ni 2x. La pili linaomba thamani yake x ikiwa 3: ni 6. La tatu linaomba tanjante ya mchoro wa x² mahali x ni 3. Hapa 6 si jibu tena, ni mwinamo wa mstari tu; jibu ni y = 6x − 9. La ine linageuza njia: tanjante iko sambamba na y = 4x, inagusa mchoro wapi? Kanuni ni ile ile, lakini hakuna anayekuambia uandike 2x = 4. Ukiandika, unapata nukta (2, 4).

Uzito mwingine unafichwa mu majibu yenyewe. Kwa ulizo la tatu utakuta y = 6x + 9, ya yule aliyekosea alama, na y = 6x, ya yule aliyesimama nusu ya njia. Kosa lako limekwisha kuandikwa pale, unaliona, unafurahi.

Ndipo wazazi wengi wanadanganyika. Mtoto anamaliza kurasa za kwanza, anapata 9 kwa 10, nyumba nzima inatulia. Kumbe zile kurasa zilipima kumbukumbu tu. Tena kichwa cha sura kilikwisha kumwambia kama ni derive. Siku ya mtihani hakuna kichwa cha sura, na ulizo gumu linaweza kutangulia jepesi.

Basi, sura ikiisha, afazali kuchukua itemu za mwaka mmoja mzima, zikiwa zimechanganyika, saa mezani, kurasa za majibu zimefungwa. Anayekwama arudi kwa ngazi iliyomushinda, si kwa ukurasa wa kwanza.