Usiku watu wa Tours walipomtorosha Martin dirishani

Kila tarehe 11 Novemba Wakatoliki humkumbuka Mtakatifu Martin wa Tours. Akina Martin tunao tele, Moshi hadi Bujumbura, lakini ni wachache walioelezwa jina lao lilikotoka.

Lilitoka vitani. Kwa Kilatini, Martinus ni mtu wa Mars, mungu wa vita wa Warumi, yule yule aliyeupa jina mwezi wa Machi. Ofisa mmoja wa jeshi la Roma alimwita hivyo mwanawe aliyezaliwa Pannonia, Hungaria ya leo, katika karne ya 4. Kijana naye akawa askari. Langoni mwa Amiens akakata joho lake kwa upanga, nusu akamfunika maskini. Kisha akaacha jeshi, na hatimaye akawa askofu wa Tours, Ufaransa ya leo.

Alipofariki mwaka 397 kijijini Candes, ukazuka ugomvi wa maiti. Anayeusimulia ni Gregory, aliyekuwa askofu wa Tours karibu miaka 200 baadaye. Watu wa Poitiers walidai marehemu ni wao, kwani alikuwa mtawa kwao kabla ya kuwa askofu wa wengine. Wa Tours wakaleta hesabu: kwenu alifufua wafu wawili, kwetu mmoja tu, deni hilo na alilipe akiwa kaburini. Jua likazama bila mwafaka. Milango ikafungwa, pande zote mbili zikakesha na mwili. Usiku wa manane watu wa Poitiers wakapitiwa na usingizi. Wenzao wakampitisha marehemu dirishani, wakampakia chomboni, wakateremka mto Vienne hadi Loire, wakaelekea Tours wakiimba zaburi. Nyimbo hizo ndizo zilizowaamsha waliolala. Wakarudi kwao mikono mitupu.

Kaburi hilo lilivuta mahujaji, na jina likasambaa: Martín na Martínez Hispania, yaani mwana wa Martín, Martins Ureno, Martino na Martini Italia. Nchini Ufaransa, Martin ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi.

Hata hivyo, baada ya Mapinduzi ya 1789 Wafaransa walibomoa basilika iliyokuwa juu ya kaburi hilo na kupitisha barabara hapo. Ni aibu. Kaburi lilipatikana tena mwaka 1860, na basilika mpya ikajengwa.

Mzazi uliyemwita mwanao Martin, msimulie habari za joho, na za dirisha pia.