Shoti

Gereji neno “shoti” lina kazi mbili. Nyaya zikigusana, zimepiga shoti. Fundi akirushwa na umeme, kapigwa shoti. Kwenye betri ya volti 12 utata huo haumsumbui mtu.

Kwenye koili ni habari nyingine. Mfumo wa cheche wa kielektroniki, ambao Chrysler iliueneza kwenye magari yake ya Marekani mwaka 1973 na kuipumzisha platini, hufikisha volti 20,000 na zaidi. Fundi wa mazoea bado huchomoa waya wa plagi, akaushika hewani aone cheche! Umeme ukikosa njia, shoti zote mbili zinawezekana: mkono wake na moduli ya mfumo huo.

Badala yake, plagi ya kupimia ibanwe kwanza kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, ndipo starta ipigwe.