Asili na Maana ya Neno "Kanisa"

Huko Mibirizi, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, ipo misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903. Nyumba yake ya ibada ina majina mawili. Asemaye Kinyarwanda huiita Kiliziya. Atokaye Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, huiita kanisa. Kwa kuwa tangu mwaka 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda, majina hayo hukutana hata darasani, na yafaa sisi walimu tujue yalikotoka.

Kiliziya limetokana na neno la Kiyunani ekklesia, yaani mkutano wa watu walioitwa. Ama neno kanisa lilikuja kwa njia nyingine. Twajua kwamba tulilipokea kutoka Kiarabu. Mwanafunzi hodari akifungua kamusi ya lugha hiyo atakuta kitenzi kanasa, "kufagia", na huenda akadhani amepata asili. Sivyo. Waarabu nao waliliazima kutoka Kiaramu, lugha iliyosemwa Palestina, Shamu na Iraki karne nyingi kabla ya Uislamu. Mzizi wake huko ni k-n-sh, "kukusanya".

Nomino ya Kiaramu haifuati ngeli kama yetu, bali hubadilika kwa jinsia, idadi na hali. Hali ni tatu. Lisipobainishwa, neno hili huwa kenisha, "mkusanyiko". Likifungamana na nomino inayolifuata, huwa kenishat, "mkusanyiko wa...". Likibainishwa, huwa kenishta, "mkusanyiko ule", na wingi wake kenishata. Baadaye, katika Kiaramu cha mashariki, umbo hilo la tatu lilitumika mno hata likapoteza nguvu ya kubainisha, likawa umbo la kawaida la nomino.

Waarabu walipolichukua, sh iligeuka s, na mwisho wake ukafuata kawaida ya nomino zao za kike. Waswahili wakalitia katika ngeli ya LI-YA: kanisa, makanisa. Hali zile tatu zikatoweka, na kazi ya kenishat ikafanywa na kiunganishi chetu: kanisa la Mibirizi.

Maana nayo ilihama. Kwanza lilitaja watu waliokusanyika, kisha nyumba ya Wayahudi ya kukusanyikia, na hatimaye nyumba ya Wakristo. Hivyo majina yote mawili ya Mibirizi, moja la Kiyunani na moja la Kiaramu, yalianza kwa watu kabla ya kufikia jengo.

Jambo hili si la kamusi tu. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikusanyika katika parokia ya Mibirizi wakitafuta hifadhi, wakashambuliwa na kuuawa hapo hapo. Shambulio la tarehe 30 Aprili lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda huko Arusha, ambayo mwaka 2010 ilitoa hukumu ya hatia.

Basi tunapolifundisha neno hili, tusiwaachie wanafunzi picha ya kuta na paa peke yake. Tuwaambie kwamba asili yake ni mkusanyiko wa watu, na kwamba watu wale wa Mibirizi ndio waliokuwa kanisa.