Jaramogi: Mfanyabiashara Kabla ya Siasa

Wengi humkumbuka Jaramogi Oginga Odinga kwa usinga, kofia ya shanga na Umakamu wa Rais wa Kenya. Safari yake lakini ilipita dukani.

Mwaka 1947 aliacha ualimu Maseno akashika biashara. Wakati huo maduka makubwa ya Kisumu yalikuwa mikononi mwa Wahindi, na Mwafrika alikuwa mteja tu, au kuli. Odinga na wenzake wakasajili Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya hisa. Mtaji wake ulichangwa na watu wa kawaida, na mwalimu huyu akazunguka Afrika Mashariki, popote Wajaluo walipokuwa kazini, akiwauzia hisa. Wengi walisita, haikuwa rahisi kumkabidhi mtu mshahara wako kwa ahadi ya faida. Kampuni ilifungua duka Maseno, ikaingia kwenye uchapaji kupitia Ramogi Press, na mjini Kisumu ikajenga Ramogi House.

Faida haikuwa ya kutisha. Lakini zile ziara za hisa zilimpa kitu ambacho pesa hainunui: alijulikana. Mwaka 1957 alimshinda mpinzani wake, B. A. Ohanga, katika uchaguzi na kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata alitamka humo kwamba viongozi halisi wa Waafrika ni Kenyatta na wenzake waliofungwa, maneno yaliyowashtua hata baadhi ya wanasiasa wenzake.

Alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1964, akajiuzulu Aprili 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union). Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa kwao Bondo.