Mume na mke wanavyoweza kusafiri nje kwa mzigo mwepesi

Gharama za safari ya nje huanzia kwenye mzani. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida mkoba wa mkononi wa kilo 7, na yale ya bei nafuu hutoza fedha za ziada kwa begi kubwa. Mume na mke wakigawana sabuni, dawa ya meno na chaja, kilo 14 huwatosha kwa juma zima.

Vimiminika hutakiwa katika viwanja vingi viwe ndani ya chupa zisizozidi mililita 100, kanuni iliyoenea tangu mwaka 2006. Wanaokwenda Kigali waache nyumbani mifuko ya plastiki, kwani Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016, cheti chake hudumu maisha yote.

Hata hivyo, pasipoti na fedha zisikae katika mkoba mmoja. Kila mmoja abebe zake, pamoja na nakala ya pasipoti ya mwenzake. Mkoba mmoja ukipotea ugenini, uliobaki ndio utakaowarudisha nyumbani.